Leseni inasema .375, mtutu unasema 9,3: tuamini kipi?

Swali

Shikamoo mzee. Marehemu baba ametuachia bunduki ya kuwindia, Mauser ya Kijerumani ya zamani. Mirathi imekwisha na kaka yangu amepata leseni, iliyonakiliwa kama ile ya baba: "Mauser, .375". Lakini juu ya mtutu pameandikwa "9,3" tu, na ubavuni kuna vitaji vidogo vyenye herufi B, U, G na N. Kwenye kabati la chuma tumekuta pakiti moja ya .375 H&H, zote 20 zipo, na kopo la bati lenye risasi 11 za zamani zilizoota kutu ya kijani. Za .375 hazifungi, bolti inagoma. Fundi mmoja wa vyuma hapa Moshi anasema chemba ipanuliwe kwenye lethi, ni kazi ya siku moja. Tufanye hivyo? Na zile za zamani bado zinafaa?

Kijana wa Machame

Jibu

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Jibu la swali la kwanza ni hapana, na nalitanguliza ili fundi asije akaanza kazi wakati wewe bado unasoma. Msipanue chemba. Bunduki hiyo si .375, na haigeuki kuwa .375 kwa kutobolewa nyuma, kwa sababu tatizo haliko nyuma. Liko kwenye mtutu mzima, kuanzia kooni hadi mdomoni.

Kwanza tuelewane maneno. "Chemba" ni tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, na "bolti" ni chuma chenye mkono kinachoifunga. Nikisema "risasi" nina maana ya kitu kizima kinachoingia kwenye chemba. "Ganda" ni ile shaba, "fataki" ni kile kidude cha nyuma kinachogongwa na pini, na "kichwa" ndicho kinachoruka. Watu wengi huviita vyote risasi, na hapo ndipo mazungumzo na fundi yanapopotea.

Sasa mtutu. Toa bolti, uelekeze mdomo kwenye mwanga, uchungulie kutoka nyuma. Utaona mistari inayojiviringisha kwenda mbele. Ni kama shamba la viazi: kuna matuta na kuna mifereji. Matuta ndiyo yanayokishika kichwa na kukizungusha, lakini unene wa kichwa hulingana na mifereji. Kwenye 9.3x62, aina ya Kijerumani ambayo ndiyo ninayoishuku bunduki yenu kuwa, umbali kati ya tuta na tuta ni milimita 9.0, na kati ya mfereji na mfereji ni kama 9.3. Kichwa chake ni 9.3. Kwenye .375 H&H, tuta kwa tuta ni 9.3, mfereji kwa mfereji ni 9.53, na kichwa ni 9.53.

Umeuona mtego? Namba 9.3 iko kwenye bunduki zote mbili, ila kila moja imeiweka mahali pake. Mtu akiingiza venia, yaani kipimo cha taya cha kupimia upana, kwenye mdomo wa .375 anapata 9.3 na kuapa kwamba ni ya Kijerumani. Na karani akipewa "9,3" aibadilishe kuwa inchi, anapata .366, akitafuta jina linalofanana katika orodha anayoijua, la karibu zaidi ni.375. Makosa ya namna hii yakishaingia kwenye karatasi hunakiliwa leseni hadi leseni, kama yalivyonakiliwa kwa kaka yako.

Chemba ikipanuliwa, basi, risasi ya .375 itaingia vizuri, bolti itafunga, na kila kitu kitaonekana sawa mpaka mtu avute kifyatuo. Hapo kichwa cha 9.53 kitalazimishwa kupita kwenye mtutu wa 9.3. Tofauti ni milimita 0.23, ambayo kwa macho si kitu. Lakini kichwa kile kimevikwa koti la shaba au chuma, na kadiri kinavyokwama kooni ndivyo gesi inavyozidi kujaa nyuma yake. Kipimo cha Ulaya kinairuhusu 9.3x62 kufika shinikizo la bar 3,900, na .375 bar 4,300. Yaani unaweka risasi yenye nguvu zaidi kwenye mtutu mwembamba zaidi, kisha unaegemeza shavu lako hapo hapo. Fundi wa lethi anaweza kuwa hodari kabisa wa shafti na bushi, lakini kazi hii hajui anachokigusa.

Hata tukijifanya kwamba mtutu haupo, bado kuna mengine. Kitako cha ganda la 9.3x62 kina upana wa milimita 11.95, cha.375 ni 13.5. Kwa hiyo uso wa bolti nao utachongwa, na kucha inayolishika ganda itachongwa. Kisha urefu: risasi nzima ya 9.3x62 ina milimita 83.6, na ya .375 ina 91.4. Magazini ya Mauser ya kawaida imepimwa kwa ile fupi. Ili ile ndefu ikae, watu hukata chuma cha mbele ya magazini, pale risasi inapopandia kwenda chembani. Chuma hicho ndicho kinachobeba jino la chini la bolti, ambalo ni moja ya meno mawili makuu yanayozuia bolti isirudi usoni kwako. Mauser wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana kwa risasi ndefu walitengeneza mashine, yaani kile chuma cha kati kinachobeba bolti, iliyo ndefu zaidi. Ni kweli kwamba mafundi wengi wa zamani walizigeuza Mauser za kawaida kuwa .375 kwa kuweka mtutu mpya, na nyingine bado zinapiga. Ila ukikuta moja ambayo mkono wa bolti ni mzito kuinuka hata chemba ikiwa tupu na pini ikiwa imeshaachiwa, mara nyingi meno yameanza kuchimba vishimo ndani ya chuma kinachoyabeba, na hiyo ni bunduki iliyostaafu.

Tena mmerithi kitu kizuri, usikidharau. Mwaka 1905 fundi bunduki wa Berlin, Otto Bock, aliitengeneza 9.3x62 akiwalenga hasa wakulima na wawindaji wa makoloni ya Ujerumani Afrika, huku kwetu pamoja. Walikuwa na Mauser za 8x57, ambazo kwa nyati na tembo ni ndogo, na bunduki za mitutu miwili za Uingereza hazikuwa za mkulima kuzimudu. Bock alichukua urefu ambao mashine ya kawaida ya Mauser 98 ingeweza kuubeba, akaujaza: kichwa cha gramu 18.5, ambazo ni greni 286, kikitoka kwa mita kama 720 kwa sekunde. Waingereza walipokuja na .375 yao mwaka 1912, kichwa cha greni 300 kilitoka kwa mita 770 hivi. Imezidi, ndiyo, lakini mnyama hajui tofauti hiyo, na bega la mpigaji linaijua.

Kwanza thibitisha ni 9.3 ipi

Nimesema naishuku kuwa 9.3x62. Kushuku hakutoshi, maana "9,3" peke yake ni jina la ukoo. Kuna 9.3x57, ambayo nayo iliwekwa kwenye Mauser nyingi, kuna 9.3x62, na kuna 9.3x64 ya Brenneke ya mwaka 1927. Namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita. Risasi ya 57 ikiingia kwenye chemba ya 62 haigomi. Inateleza ndani, kucha inaishika, pini inaifikia, na inafyatuka. Bega la ganda halijaegemea popote, kwa hiyo shaba inavutika mpaka inapasuka, na gesi inatafuta njia ya kurudi nyuma. Risasi ya .30-06 nayo ina kitako cha karibu upana ule ule na itaingia vilevile, kwa hiyo ikiwa nyumbani kuna bunduki mbili, risasi zake zisilale droo moja.

Vile vitaji ni alama za majaribio za Kijerumani. B ni kwamba imefyatuliwa kwa majaribio, U imekaguliwa, G mtutu una mifereji, na N imejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. N ndiyo ya kufurahia. Bunduki ya zamani isiyo na alama yoyote ya baruti ya kisasa ningeiacha ukutani mpaka fundi aseme neno. Maandishi mengine huwa yamefichwa chini ya mtutu, ndani ya mbao: uzito wa baruti, herufi St.m.G. zinazomaanisha kichwa chenye koti la chuma, na kwenye mitutu mingine mwezi na mwaka, mfano 4.12 kwa Aprili 1912. Ili uyaone lazima mtutu utolewe kwenye mbao. Skrubu mbili kubwa za chini ndizo zinazoshika, na kila moja inaweza kuwa na kaskrubu kadogo kanakoizuia isizunguke. Hako katoke kwanza. Bisibisi iwe imechongwa ijae mfereji wa skrubu sawasawa; bisibisi ya dukani yenye ncha ya kabari inaruka, na mkwaruzo wake haufutiki.

Jibu la mwisho halitoki kwenye maandishi, linatoka kwenye chuma. Kazi hii afanye fundi bunduki mwenye leseni, na kaka yako awepo kwa sababu bunduki ni ya leseni yake. Atafanya vipimo viwili.

Cha kwanza ni upana wa tundu la mtutu. Anachukua risasi laini safi (hapa nina maana ya madini ya risasi, si ya kufyatua), ile timazi ya wavuvi inafaa, nene kidogo kuliko tundu. Anapaka mtutu mafuta mepesi, anaigonga iingie kutokea mdomoni, na kuisukuma ipite yote kwa ufito wa shaba. Ikitoka imechapwa sura ya matuta na mifereji. Mauser kwa kawaida zina mifereji minne, kwa hiyo mfereji unatazamana na mfereji na maikromita inapima moja kwa moja. Asome sehemu iliyovimba, si iliyobonyea. Akipata 9.28 hadi 9.30, mtutu ni wa 9.3. Akipata 9.5, basi niandikie upya kwa sababu kuna mtu aliwahi kubadilisha mtutu. Na wakati wa kuisukuma asikilize mkono wake: ikipita kwa ugumu ule ule mwanzo mpaka mwisho ni vizuri. Ikilegea ghafla mahali kisha ikakaza tena, pale mtutu umevimba, pengine uliwahi kufyatuliwa ukiwa na tope au kitambaa ndani.

Cha pili ni ukungu wa chemba. Kuna aloi inayoitwa Cerrosafe, inayeyuka kati ya nyuzi 70 na 88, yaani hata maji ya moto yasiyochemka yanatosha. Chemba isafishwe ikauke kabisa. Kitambaa kikavu kizibe mtutu kama sentimita mbili mbele ya pale shingo ya ganda inapoishia. Aloi imiminwe taratibu mpaka ujazo wa chemba tu. Ikimwagikia kwenye nafasi ya meno ya bolti inajifunga humo na kutoka ni shida. Ikiganda isukumwe kutokea mdomoni ndani ya nusu saa, kwa sababu mwanzoni husinyaa. Baadaye inaanza kutanuka, na baada ya saa moja hivi tangu kumiminwa inakuwa na kipimo cha chemba yenyewe. Mafundi wenye haraka hupima ikiwa bado ya moto na kupata chemba ndogo isiyokuwepo. Baada ya hiyo saa, venia ikisoma 62 na nukta kidogo kutoka kitako hadi mwisho wa shingo, mmemaliza ubishi.

Ukiwa huna kingine, soma kitako cha zile risasi za kopo. Kama pameandikwa 9,3x62, ni ushahidi mzuri wa kile baba alichokuwa akitumia, ingawa hausimami peke yake. Ukikuta herufi DWM na namba tu, usishangae. Kiwanda hicho kilikuwa kikipiga namba ya katalogi yake badala ya jina la risasi. Hapo pima urefu wa ganda.

Na kwa kuwa mko Kilimanjaro, ambako Mauser za kale hazijaisha, niongeze hili kwa wasomaji wengine: majina si vipimo. Waingereza hasa walibatiza risasi zao walivyotaka. .303 kichwa chake ni .311 ya inchi. .275 Rigby ni ile ile 7x57 ya Kijerumani, kichwa .284. .318 Westley Richards hupiga kichwa cha .330. .404 Jeffery ni .423. .470 Nitro Express ni .475, na .416 Rigby, kwa bahati, ni .416 kweli. Wajerumani nao wana mtego wao mbaya kuliko yote: 8x57 ya zamani yenye herufi J hupiga kichwa cha milimita 8.08, na ile ya baadaye yenye JS hupiga 8.20, na ganda ni lile lile. Ya JS inaingia kwenye chemba ya J bila kusita. Mwenye Mauser ya 8x57 isiyo na herufi S mahali popote asinunue risasi kabla ya kupima mtutu.

Kabla ya kufyatua chochote

Umri si ugonjwa kwa Mauser 98, kutotunzwa ndio ugonjwa. Fundi aangalie haya.

Bolti iondolewe na ifunguliwe. Bunduki ikiwa imekokiwa, ulimi wa usalama usimame wima katikati, kisha bolti ivutwe nyuma, kizuizi cha kushoto kivutwe pembeni, itoke. Ubavuni mwa kofia ya bolti kuna kitufe. Kikibonyezwa, kofia inazungushwa kinyume cha saa mpaka pini na springi vitoke pamoja. Ncha ya pini iegemezwe kwenye ubao mgumu, ikandamizwe, kipande cha kukokia kigeuzwe robo mzunguko, na springi inaachia. Ikamatwe vizuri, ina nguvu ya kukung'oa jicho. Mara nyingi ndani utakuta grisi ya miaka thelathini iliyogeuka gundi, na hiyo peke yake inatosha kufanya risasi zikatae kufyatuka. Ioshwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, ipakwe mafuta mepesi sana. Ncha ya pini iwe ya duara, haijachongoka wala kuliwa.

Meno ya bolti yatazamwe kwa kioo cha kukuzia kutafuta nyufa kwenye mizizi yake. Nafasi kati ya uso wa bolti na pale ganda linapoegemea ipimwe kwa geji zake: geji ya kwanza bolti ifunge, ya pili igome. Kufunga bolti juu ya risasi mpya na kusema "imekaa" si kipimo.

Kwenye mbao, toa macho nyuma kabisa ya chuma cha mashine, pale shingo ya kitako inapoanza. Ufa mdogo hapo una maana kwamba chuma kinapiga mbao kila unapofyatua. Mara nyingi chanzo ni mafuta: bunduki iliyosimamishwa kabatini miaka mingi mdomo ukiwa juu hushusha mafuta yote kwenye mbao hizo, zikalainika kama mkate uliolowa chai. Kuanzia leo isimame mdomo ukiwa chini, juu ya kipande cha sufi. Na ile begi nzuri ya ngozi ni ya kusafiria tu. Ngozi hunywa unyevu, na unyevu wa Machame wa mwezi wa nne unaujua mwenyewe; wiki sita ndani ya begi zinatosha kuchora ramani ya kutu kwenye mtutu.

Ndani ya mtutu mtakuta pengine vishimo vidogo vyeusi. Hivyo vinatoka kwenye fataki za zamani, zilizokuwa na klorati ya potasiamu. Ikiungua huacha chumvi inayovuta maji hewani. Mafuta hayaiyeyushi hata ukisugua wiki nzima. Maji ndiyo yanayoiyeyusha. Kwa hiyo usafi wa kwanza wa mtutu huu uwe wa maji ya moto yenye sabuni, yapitishwe kutokea nyuma kwa brashi mara kumi hivi, kisha maji ya moto matupu, kitambaa kikavu mpaka kitoke kikavu, ndipo mafuta. Vishimo vya zamani havitatoka, na vikiwa vichache havipunguzi sana shabaha. Kinachoharibu shabaha zaidi ni mdomo wa mtutu uliochubuliwa na ufito wa kusafishia. Kama matuta yamelika upande mmoja pale mdomoni, fundi anaweza kuuchonga upya kwa milimita chache tu.

Risasi 11 za kopo

Msizifyatue, hata moja ya kujaribu. Kutu ya kijani ni shaba inayolika. Zebaki iliyokuwemo kwenye fataki nyingi za zamani inadhoofisha shaba ya ganda, shingo za maganda ya kale hupasuka zenyewe zikiwa zimekaa tu, na baruti iliyooza haiungui kwa mwendo ule iliyopimiwa. Hatari nyingine ni risasi inayochelewa: unavuta, unasikia "tak", kimya, unafungua bolti uangalie, na inalipuka ikiwa nusu nje. Ikitokea kwa risasi yoyote, hata mpya, mdomo ubaki umeelekea salama na usiguse bolti kwa dakika nzima. Tena, "tak" yenye mlio hafifu ni mbaya zaidi ya kimya. Kichwa kinaweza kuwa kimekwama katikati ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua. Toa bolti, chungulia, uone mwanga kabla ya kuendelea.

Zipelekwe polisi kwa kuharibiwa. Usizitupe chooni wala usizichome na takataka. Ukitaka kumbukumbu ya baba, piga picha vitako vyake.

Mnunue nini, na mjaribu vipi

9.3x62 haijafa. Norma, RWS, Lapua, Sellier & Bellot na Prvi Partizan wote wanaitengeneza mpaka leo, ingawa hapa Arusha huenda mkalazimika kuagiza na kusubiri. Chukueni ya greni 285 au 286 yenye ncha butu ya risasi laini. Mitutu hii kwa kawaida huzungusha kichwa mara moja kila milimita 360, na vilengeo vya chuma vya bunduki ya zamani vilirekebishwa kwa uzito huo. Ya greni 232 inaruka kasi zaidi lakini hupiga mahali pengine, kisha watu hulaumu bunduki. Kwa bunduki ya umri huu sipendi pia vichwa vya shaba tupu visivyo na risasi laini ndani. Ni vigumu kukamuliwa na mtutu uliochoka.

Risasi ya kwanza isifyatuliwe begani. Bunduki ifungwe juu ya gurudumu la gari lililojazwa mchanga, kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, na kifyatuo kivutwe kwa kamba ndefu kutoka nyuma ya kizuizi. Halafu soma ganda. Fataki iwe na pembe za duara kidogo, isiwe imebapa na kujaa tundu lake lote. Kusiwe na weusi wa moshi kuizunguka. Tazama ubavuni, kama sentimita moja juu ya kitako: mstari unaong'aa unaozunguka ganda lote ni dalili kwamba shaba inavutika na itakatika hapo. Ukitia shaka, nyoosha kibanio cha karatasi, kunja ncha yake kidogo, na uipitishe ndani ya ganda kutoka chini kuja juu. Ikikwama kwenye mfereji, simamisha kila kitu, rudini kwenye geji. Rudia kwa maganda matatu. Yakiwa safi, sasa anaweza kuweka begani, aanzie mita 50, ndipo mita 100.

Leseni na pakiti ya .375

Risasi zinauzwa kwa kadiri leseni inavyosema, kwa hiyo leseni ya .375 itawafungia mlango kwa muuzaji mwaminifu wa 9.3, na kwa asiye mwaminifu itawauzia kile kisichofaa. Kaka yako aende ofisi ya polisi iliyompa leseni, na si kwa dalali. Abebe maelezo ya maandishi ya fundi bunduki yenye namba ya bunduki, vipimo viwili nilivyotaja, na jina kamili "9.3x62", aombe kosa lirekebishwe. Aeleze wazi kwamba bunduki haijabadilishwa, ni ile ile yenye namba ile ile, karatasi ndiyo iliyokosea. Chemba ikiwa imeshapanuliwa, maelezo hayo hayawezekani tena, na hiyo ni sababu nyingine ya kumwambia fundi wa lethi asante.

Ile pakiti ya 20 inanifanya nimfikirie marehemu. Alinunua kwa leseni yake, akajaribu moja, ikagoma, akazirudisha zote na hakulazimisha. Ikaguliwe ile iliyojaribiwa: kama bolti ilisukumwa kwa nguvu kichwa kinaweza kuwa kimerudi ndani ya ganda, na hiyo haifai hata kwa bunduki ya .375. Leseni ikisharekebishwa, kaka yako hatakuwa na kibali cha kukaa nazo. Siku ile ile anayopeleka zile 11, akabidhi na hizi, achukue hati ya makabidhiano yenye idadi ya kila aina, na aiweke pamoja na leseni mpya.